Fundi fremu wa Majengo aliyetuangalizia picha ya mafuta ya Paris: hela yake ni halali kabisa

Naandika hii kwa ajili ya yeyote mwenye picha ya kuchorwa kwa mkono nyumbani, uwe umeachiwa na bosi, umenunua mnadani au umerithi, alafu watu wanaanza kukutajia bei za ajabu ajabu. Dodoma ukiuliza mthamini utaelekezwa kwa watu wa viwanja na majengo, na hao picha hawataigusa. Sisi tulimpata mzee mmoja fundi wa fremu za picha, yuko mitaa ya nyuma ya soko la Majengo, duka lake limebanana na karakana ya seremala, na kazi aliyotufanyia imenifurahisha mpaka nimeona nisikae nayo kimya.

Picha yenyewe ni ya shangazi yangu. Alifanya kazi za ndani muda mrefu kwa familia moja ya wageni kule Area D, walipohama wakamwachia vitu vingi na hiyo picha ikiwemo, akaitundika sebuleni kwake Nkuhungu na imekaa hapo miaka. Ni picha ya jiji kando ya mto, jioni, mvua imetoka kukatika, barabara ya mawe imelowa na taa za maduka zinajichora chini kwa njano na chungwa, kuna gari la farasi, kuna akina mama wa sketi ndefu na kofia, kushoto yale masanduku ya kijani ya wauza vitabu yanayokaa juu ya ukuta wa mto, na ng'ambo kanisa la Notre-Dame na minara yake miwili. Kwahiyo mto ni Seine na jiji ni Paris, hapo hamna ubishi. Na pembeni chini kulia kuna saini, ukiinama vizuri unasoma Blanchard.

Hiyo saini ndiyo iliyoleta mgogoro. Akatokea dalali mmoja, jina lake nalihifadhi, akapiga picha na simu, baada ya siku chache akarudi anasema hii ni antiki ya Ufaransa, inafika milioni 20, mteja yupo Dar, ila kwanza shangazi atoe laki mbili za kutengenezea cheti cha uhalisi. Shangazi hakulala. Laki mbili kwake ni hela, na milioni 20 ndo usiseme, alishaanza kupanga kumalizia nyumba Kondoa. Mimi nikamwambia shangazi subiri, kabla hujatoa hata mia tumpelekee mtu anayejua picha, asiyetaka kuinunua wala kuiuza. Hapo kwenye asiyetaka kuinunua naomba mpaweke akilini, maana anayekutajia thamani ya kitu chako wakati huo huo anataka kula kwenye hicho kitu, maneno yake yameshaegemea upande.

Tukafika, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, karibu mama, tukakalishwa kwenye benchi. Cha kwanza nilichokipenda, mzee hakuangalia saini. Aliigeuza picha kifudifudi juu ya blanketi safi akaanza na mgongo. Akasema, "Mama, mbele picha inakwambia inachotaka uamini, mgongo haujui kudanganya sana." Akang'oa karatasi ya kahawia iliyofunika nyuma, taratibu na kisu chembamba, akatuita tuangalie wote na sio kuangalia peke yake alafu atutangazie majibu.

Nyuma tuliona hivi. Kanvasi ni ya pamba, nyeupe bado, na tayari ilikuwa imepakwa rangi ya chini kiwandani maana ule weupe unaendelea mpaka kwenye ukingo uliokatwa. Imeshikiliwa na pini za stepla kwenye ile fremu ya ndani ya mbao, sio vimisumari. Mbao ni laini, nyepesi, bado ina rangi ya ubao mpya ukilinganisha na vipande vya zamani alivyotuonyesha pale dukani. Kwenye ubao mmoja kuna vipimo vimeandikwa kwa penseli, 20 x 24, hizo ni inchi. Mzee akatueleza kwamba stepla zilizoea kutumika kwenye kanvasi kuanzia katikati ya karne iliyopita na kuendelea, kwahiyo stepla peke yake haimaanishi feki, ila ukijumlisha stepla, pamba nyeupe na mbao isiyozeeka, hiyo ni picha ya juzi juzi, miaka ishirini thelathini hivi. Hakusema ni mbaya, alisema sio ya zamani, na akasisitiza hayo ni mambo mawili tofauti.

Kisha akaigeuza. Swali la kwanza kwake lilikuwa je imechorwa au imechapwa, maana sa hivi kuna printi za kwenye kanvasi zinapakwa jeli juu ili zionekane zina michirizi ya brashi, na watu wengi mjini wanaziuza kama za mkono. Alichukua lenzi ya kukuzia akaniambia nitafute vidoti. Printi ukiikuza unaona vidoti vidogo vidogo vya rangi vimepangana, na ile michirizi ya jeli haifuati picha, inakatiza tu popote. Hapa hakukuwa na kidoti hata kimoja. Mchirizi wa brashi ulipopinda na rangi ilipinda hapo hapo, kwenye taa kuna matone mazito ya njano yamesimama juu ya kanvasi mpaka unayaona ukipitisha mwanga wa tochi kwa ubavu. Tochi ya ubavu jaribuni nyumbani, zima taa, washa tochi ya simu uilaze pembeni ya picha, kila tuta la rangi litajitokeza.

Alafu kuna swali la rangi ya mafuta au akriliki, ile rangi ya plastiki inayochanganywa na maji. Akachovya kijiti cha pamba kwenye spiriti, akagusa ukingoni kabisa sehemu inayofichwa na fremu, akasubiri, pamba ikatoka safi. Akriliki ingelainika ikaacha rangi kwenye pamba. Rangi ya mafuta ya wachoraji haikauki kwa maji kuondoka, inakauka kwa mafuta ya kitani kukutana na hewa na kugeuka kigumu, na hiyo kazi inachukua miezi, ndiyo maana vanishi haipakwi haraka. NB: hicho kipimo msijifanyie wenyewe na msiguse kabisa sehemu ya mbele, mzee amefanya kazi hiyo tangu ujana wake Dar akitengeneza fremu za nyumba za mabalozi, anajua agusie wapi.

Sasa saini. Hapa ndo aliponikosha kabisa. Alimtuma kijana wake kwa wakala wa jirani akaazime ile taa ya zambarau ya kukagulia noti, akafunga mlango, akazima taa. Vanishi ya picha nzima ikawaka kiukungu chenye ukijani, ila saini haikuwaka, ilikaa juu ya ule mwanga nyeusi tii. Maana yake ni kwamba picha ilichorwa, ikakauka, ikapakwa vanishi, na baada ya hapo ndo mtu akaja akaandika Blanchard juu yake. Mchoraji wa kweli kwa kawaida anaweka saini kwenye rangi kabla ya vanishi. Wote tulikaa kimya kidogo, nikamwona shangazi kashusha mabega.

Nilikuwa nimeshasoma soma kabla ya kwenda, kwahiyo naongezea hapa ili na wewe ukikutana na hilo jina ujue. Antoine Blanchard lilikuwa jina la kisanii la Mfaransa aliyezaliwa 1910 akafariki 1988, jina lake la kweli Marcel Masson. Alichora Paris ya zamani, ya magari ya farasi, taa na mvua, na kazi zake halisi zinauzwa maelfu ya dola. Kabla yake alikuwepo Édouard Cortès, 1882 mpaka 1969, yeye ni wa bei ya juu zaidi, na ndiye aliyeifanya staili hiyo ya jioni ya mvua ijulikane. Sasa angalia kitu kimoja, basi la mwisho la kuvutwa na farasi Paris liliacha kazi Januari 1913. Blanchard alikuwa mtoto wa miaka miwili. Kwahiyo hata hizo orijino zenyewe ni kumbukumbu ya jiji ambalo mchoraji mwenyewe hakulikuta, watu walizinunua kwa sababu zilikuwa za kale tangu siku zinachorwa. Ukiona farasi na sketi ndefu usidhani picha ina miaka mia, inachoonyesha ni kipindi kimoja na siku ya kuchorwa ni kingine. Na kwa sababu staili inapendwa, jina lake limebandikwa kwenye kazi nyingi ambazo hakuwahi kuziona.

Mzee anavyoona yeye picha yetu imetoka kwenye karakana kubwa za kuchora kwa oda, kama zile za Dafen kule Shenzhen, China, kijiji kilichoanza biashara hiyo 1989 na kikajaza dunia picha za mafuta za mkono, mtu anachora mandhari ile ile tena na tena mpaka mkono unajua njia. Ushahidi alituonyesha kwenye picha yenyewe. Yule mama mwenye aproni nyeupe yupo mara mbili, mkao ule ule, kofia ile ile, mmoja kasogezwa tu karibu na daraja. Farasi miguu yake ni michirizi mitatu imechapwa fasta. Na daraja, jamani, hilo nilikuwa naliangalia kila nikienda Nkuhungu na sijawahi kuhesabu, juu lina matao matano na kwenye maji yanaonekana manne.

Lakini hapo hapo mzee akasema kitu ambacho dalali asingekisema kamwe. Akaweka kidole juu ya mto, bila kugusa, akasema, "Huyu aliyechora alikuwa na haraka na watu, ila maji aliyapenda." Na ni kweli tupu. Mto umechorwa kwa kisu, sio brashi, rangi imevutwa kwa ulalo, chini kuna zambarau ya kijivu, juu yake kijani kizito kimepita kikaacha mapengo, na kwenye mapengo ile zambarau inachungulia, alafu njano ya taa imekatwa vipande vipande, kipande kipana karibu na ukuta, vyembamba vinavyozidi kwenda katikati, na kipande cha mwisho sio njano tena, ni kama waridi limechafuka. Ukisimama hatua nne nyuma maji yanatembea. Hiyo haifanywi na mtu anayenakili tu, huyo amewahi kukaa akaangalia maji usiku. Mimi binafsi nadhani hapo ndipo thamani yote ya hii picha ilipo, na ingekuwa hata haina saini yoyote ningesema hivyo hivyo.

Na labda ndiyo maana shangazi ameipenda miaka yote hiyo. Dodoma yetu haina mto wa kukaa pembeni yake jioni, tuna makorongo yanayojaa masika yanafoka siku mbili alafu yanarudi mchanga. Ukiingia duka lolote la samani mjini utaona picha zinazotundikwa ni maporomoko, maziwa, bahari. Watu wanataka maji ukutani, na sioni aibu yoyote hapo.

Shangazi alivyo, kwa kuwa ni Mrangi wa Kondoa, akamuuliza mzee sasa kama thamani ni uzee, mbona michoro ya kule Kolo kwenye mapango hakuna anayeitajia bei. Mzee alicheka akamwambia mama ile haiuziki ndiyo maana haina bei, ile iko kwenye orodha ya urithi wa dunia. Nimeangalia, ni kweli, michoro ya Kondoa iliingia UNESCO 2006, na kingo za huo mto Seine wa kwenye picha ziliingia 1991. Kwahiyo shangazi anatoka kwenye urithi mmoja na ametundika mwingine.

Turudi kwenye bei maana najua wengi mmekuja kwa hiyo. Mzee hakutaja namba hewani. Alisema picha ya mkono ya mafuta, isiyo na jina, saizi hii, hali nzuri, unaipigia hesabu ya ingegharimu kiasi gani kumpa mchoraji mzuri akuchoree kama hiyo leo, unaweka fremu, unapunguza kasoro, alafu unakubali kwamba mwisho wa yote ni mnunuzi atakayeipenda. Makadirio yake kwa hapa Dodoma ni laki tatu na nusu mpaka laki tano. Kasoro aliyoipunguzia ni ufa mdogo juu kushoto, umezunguka mfano wa utando wa buibui, akasema huo sio wa uzee, ni picha iligongwa kwa nyuma, labda siku ya kuhama. Pia pembe moja kanvasi imelegea, akatuonyesha vile vikabari vidogo kwenye pembe za ndani, unavigonga taratibu kanvasi inakazika. Ukame wetu huu na joto la mchana vinaifanya mbao icheze, kwahiyo picha isitundikwe ukuta unaopigwa jua la saa tisa wala karibu na jiko la mkaa.

Kuhusu milioni 20 na cheti, alisema maneno mafupi. Picha yenye jina la kweli inakuja na historia, risiti ya duka, lebo ya nyuma, picha ya zamani ikiwa ukutani kwa mtu, na anayeithibitisha ni mtaalamu anayejulikana kwa kazi za mchoraji huyo, na huyo lazima aione picha au apelekewe picha nzuri za mbele na nyuma. Dalali wetu hakuwahi hata kuigeuza. Shangazi hakutoa ile laki mbili.

Huduma zenyewe: kuangalia na kukadiria elfu ishirini, kusafisha elfu thelathini. Kusafisha alifanya mbele yetu nusu ya kwanza, brashi laini kwanza kuondoa vumbi, alafu vijiti vya pamba vilivyolowanishwa kwa mate, ndiyo mate, nilishangaa ila nimekuja kusoma hata mafundi wa makumbusho Ulaya wanatumia. Moshi wa miaka ukatoka kwenye pamba, na kwenye anga la picha ikatokea bluu ambayo hakuna mtu pale kwa shangazi aliyekuwa anajua kama ipo. Tafadhali msifute picha na kitambaa cha maji na sabuni, maji yanaingia kwenye nyufa yanainua rangi. Fremu mpya alitaja elfu themanini na tano, hatukuichukua, ile ya zamani aliikaza tu bila kuongeza hela na hakutulazimisha.

Yasiyopendeza yapo. Vumbi la mbao la seremala wa jirani linaingia mpaka ndani, kwa mtu anayeshika picha za watu hiyo sio sawa, anahitaji hata pazia zito. Mwanga wa dukani hafifu, umeme ulikatika katikati ya kazi tukasubiri. Simu yake mara nyingi haipatikani. Na makadirio hakutoa kwa maandishi mpaka tulipoomba, akaandika kwenye karatasi ya daftari akagonga muhuri wa duka, inatosha kwa kuuziana wenyewe kwa wenyewe ila kama unataka ya bima au ya mahakamani utafute mtu mwingine mwenye usajili. Muombe mapema akuandikie yote aliyoyaona, ya mgongo na ya saini, sio bei tu.

Mimi nampa nyota nne na nusu kati ya tano. Nusu nimeikata kwa ajili ya lile vumbi, akiweka pazia naipandisha.

Picha haijauzwa. Mama mmoja wa Ilazo alitoa laki nne na nusu baada ya kuambiwa ukweli wote, stepla, saini na matao manne, shangazi akafikiria siku mbili akakataa, ameamua ibaki. Saini ya uongo mzee alisema anaweza kuiondoa kwa kuwa imekaa juu ya vanishi, tumemwambia aitoe, kwa sababu kesho keshokutwa ikienda mkononi mwa mwingine isije ikamtapeli.

Ukienda, nenda asubuhi kabla jua halijawaka, funga picha kwa shuka safi na sio nailoni maana joto likikaa ndani vanishi inanata, na kama una karatasi yoyote iliyokuja na picha, hata bahasha, ibebe. Tingatinga anaangalia pia, zile za rangi ya kopo kwenye hadibodi, na anajua tofauti ya rangi za zamani na za juzi. Vinyago hagusi, atakuelekeza kwa mwingine. Jumapili hafungui.